Namba Nne Iko Gotini

Haya nilisimuliwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, Jumatano ya wiki iliyopita alipokuja nimkande kifundo cha mkono kilichokataa kupona. Nilimuuliza amekiumiza vipi, akacheka mpaka akashindwa kukaa vizuri kwenye kigoda. Yeye ni mfuaji katika duka la dobi, na aliyemuumiza ni mwenzake wa kazini, shoga yake wa chanda na pete, ambaye pale dukani wanamwita Tetemeko. Mengine mpwa wangu aliyaona kwa macho yake, mengine aliambiwa na Tetemeko mwenyewe. Mimi nayaandika kama yalivyonifikia.

Huyo Tetemeko ni mama wa mtoto mmoja, mrefu, mwenye mwili wake, mcheshi, na jina lile hakulipata bure. Akipita karibu na kabati, vyombo husalimiana. Mlango anauona, anaulenga, na bado bega linagonga fremu. Kikombe akiogopa kisimponyoke, atakikaba mpaka mkono wa kikombe ubaki kwake na kikombe chenyewe kiende zake. Kulia na kushoto kwake ni kama watoto mapacha wa jirani: anajua ni wawili, lakini nani ni nani, lazima asite kwanza. Shuleni walimwita mvivu. Nyumbani walimwita mzembe. Yeye akajiita vyote viwili ili asiwaudhi watu.

Kazi yake dukani ni mapokezi. Kila nguo inayoingia anaipa kipande cha kitambaa chenye namba, anakifunga kwa pini, na namba ile inaifuata nguo kwenye maji, kwenye kamba, mpaka kwenye pasi. Hapo hakosei hata siku moja. Suruali ya nani ina doa gani, shuka la nani lina kiraka wapi, yote yamo kichwani. Mumewe ni fundi saa. Anashika skrubu ndogo kuliko chembe ya mchele uliovunjika, na mkono hautikisiki. Watu wakishangaa ndoa hiyo, mume hujibu, "Mungu alipogawa mikono alinipa mimi ya ziada, akaniambia nimtunzie mwenzangu."

Mtoto wao ni msichana wa miaka tisa. Baba yake anamwita Kifungo, kwa sababu tangu aanze kujivalisha, vifungo vyake vya gauni havijawahi kukutana na tundu zao. Ni mama yake mtupu. Na mwaka huu Kifungo alianza kuumwa tumbo kila Jumatatu. Jumanne tumbo limepona, anakula kama kawaida. Ikachukua majuma manne mama kugundua kwamba Jumatatu ndiyo siku ya michezo shuleni. Watoto walikuwa wakichagua timu, na Kifungo anabaki wa mwisho, kisha timu zinaanza kugombana ni ipi imchukue.

Wakampeleka hospitali, wakaelekezwa kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Akamwambia Kifungo asimame kwa mguu mmoja, adake mpira, aguse pua kisha aguse goti. Tetemeko amekaa kwenye kona, anamwonea mwanawe huruma, na bila kujijua akaanza kujaribu pale pale. Aliponyanyua mguu akaangusha mizani, mizani ikaangusha kiti. Yule mtaalamu akamwangalia mtoto, akamwangalia mama, kisha akavuta fomu ya pili.

"Hali hii ina jina," akasema. "Inaitwa dispraksia. Kichwa kinatoa amri, viungo vinaipokea kwa kuchelewa au vinaipokea kombo. Si uvivu, si uzembe, wala si mtu kukosa akili."

Tetemeko ana miaka thelathini na nane. Aliinua kile kiti kilichoanguka, akakisimamisha. Kisha akauliza, "Kwa hiyo vile vikombe sikuvivunja mimi?"

"Umevivunja wewe," mtaalamu akasema. "Ila si kwa makusudi."

Akawaambia mwili unataka mazoezi, na roho inataka mchezo. Kwamba wasihangaike na mambo ya kudaka na kukimbizana. Watafute kitu ambacho mwendo wake unajirudia, wakigawe vipande vipande, kila kipande wakirudie mara nyingi bila aibu. "Mwenzako anajifunza kwa mara kumi, wewe labda mia. Lakini mara ya mia ikifika, umejua."

Walipokuwa njiani kurudi, Kifungo akamuuliza, "Mama, wewe unacheza nini?"

Mama akamshika mkono. Akatembea hatua kama ishirini, akakanyaga dimbwi moja.

"Sijapata wangu bado," akasema.

"Utajua umeupata vipi?"

"Nitakuwa nimeshindwa, na bado nauliza tunarudi lini."

Kifungo akafikiri. Ana tabia ya kufikiri huku amekunja uso kama bibi wa miaka sabini. "Basi, mama, tafuta. Ukipata wako na mimi nitatafuta wangu. Usipopata mpaka shule zifungwe, tuache. Nibaki darasani na kitabu, na wewe usiniambie tena mambo ya michezo. Sawa?"

"Sawa."

Ndivyo alivyojifunga. Shule zilikuwa zinafungwa baada ya miezi mitatu. Na Tetemeko aliijua nyumba ya upweke ya mtoto anayekaa darasani peke yake wenzake wakiwa nje, kwa maana aliwahi kuwa mpangaji humo.

Akaanza kutafuta. Alianza na kuruka kamba uani, jioni moja, akajifunga miguu mwenyewe kama kuku wa sokoni. Akaenda kwenye darasa la kucheza ngoma za mazoezi, wanawake thelathini mbele ya kioo kikubwa. Wote wakienda kulia, yeye anakutana nao uso kwa uso. Mwalimu alimwambia kwa upole, "Dada, wewe simama nyuma." Akasimama nyuma, wakageuka, akawa mbele. Akajaribu baiskeli ya shemeji yake, akaingia nayo kwenye kibanda cha mshona viatu. Hakuumia, na mshona viatu hakuumia, lakini viatu vilichanganyika hata leo kuna mtu anavaa vya mwenzake. Kila akirudi nyumbani Kifungo humuuliza, "Unarudi lini?" Naye hujibu, "Huko sirudi."

Miezi miwili ikaisha hivyo.

Sasa pale dukani kuna mashine ya kukamulia. Asubuhi moja ikanguruma, ikapiga kelele, ikazima kabisa. Na siku hiyo ndiyo walikuwa wameletewa mablanketi arobaini ya hosteli, yote yamelowa. Ikabidi yakamuliwe kwa mkono, watu wawili wawili, huyu ncha hii, yule ncha ile, wanasokota pande tofauti. Kazi hiyo haina mwenye cheo. Hata Tetemeko akaitwa kutoka mapokezi, akapangiwa na mpwa wangu.

"Shika vizuri, shoga, lisikuponyoke," mpwa wangu akamwambia.

Kosa lake ni hilo. Kumwambia Tetemeko kitu kisimponyoke. Alilikaba lile blanketi, akaegemea nyuma, akasokota. Maji yakatoka kama bomba limepasuka. Mpwa wangu akahisi sakafu inamwacha. Kifundo kikazunguka na blanketi, yeye akafuata kifundo, akatua ndani ya beseni la maji ya sabuni, miguu juu.

"Nimekuua?" Tetemeko akauliza, blanketi bado liko mkononi.

"Hujaniua. Umenifua," mpwa wangu akasema kutoka ndani ya beseni.

Watu wote wakacheka, isipokuwa mmoja. Huyo ni Mama Pasi, mkubwa wa chumba cha kupigia pasi, mwanamke mwenye mikono kama vigogo na sheria kama serikali. Alikuwa ameegemea mlango, anaangalia ile mikono ya Tetemeko. Kila mwaka duka la dobi huvutana kamba na watu wa kiwanda cha mikate kilicho mtaa wa pili, wanane kwa wanane. Mwaka huu nanga wao alikuwa amejifungua, yuko nyumbani na mtoto mchanga. Nanga ndiye mtu wa mwisho kwenye kamba, ambaye kamba inamzunguka mwilini, na yeye hang'oki.

"Wewe," Mama Pasi akasema. "Jumamosi uje mazoezini."

"Mama Pasi, mimi? Kamba hukatikia pabovu. Pabovu penyewe ni mimi."

"Sijakuuliza kuhusu kamba. Nimekuuliza kuhusu Jumamosi."

Jumamosi akaja. Ikawa balaa. Mama Pasi akiita "vuta", wenzake wanavuta, yeye anavuta wanapopumzika. Na kule kujizungushia kamba ndiko kulikomshinda kabisa: chini ya kwapa la kulia, ipande mgongoni, ishuke bega la kushoto, ncha ipite tena kwapa la kushoto irudi nyuma, kisha goti likunjwe na mwili ulale. Kwa mtu mwingine hayo ni mambo matano madogo. Kwake yeye ni kama kuvua samaki huku unasuka nywele. Akajifunga shingo. Akajifunga na mpwa wangu. Mara moja akajifunga na mti.

Mpwa wangu, kifundo kimevimba, ndiye aliyepata fikra. "Mama Pasi, huyu mtu namba hazimpotei. Tumpe namba."

Wakaleta vipande vya dukani, wakamfunga kwa pini kwenye fulana. Namba moja kwapa la kulia. Namba mbili bega la kushoto. Namba tatu ubavu wa kushoto. Namba nne kwenye goti la suruali. Na Mama Pasi akamwambia, "Na hiyo vuta yangu usiisikilize. Wewe usivute. Shika tu, lala nyuma, ukae hapo kama deni la ukoo."

Moja, mbili, tatu, nne. Ikaingia. Polepole, lakini ikaingia. Nyumbani akafunga shuka kwenye mguu wa kitanda, akavaa namba zake, na Kifungo akawa ndiye anayemuitia namba, amesimama juu ya kiti. "Moja. Mbili. Mama, hiyo ni tatu, umeruka. Anza tena." Kitanda kikahama taratibu kutoka ukutani mpaka mlangoni. Mume kwenye meza yake ya saa akasema, "Nimepoteza skrubu, lakini endeleeni, nyumba bado imesimama." Hesabu ya marudio Kifungo aliichora nyuma ya daftari kwa vijiti, kimoja kila mara. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Vijiti vilipofika mia moja na nne, mama alifanya mara tatu mfululizo bila kukosea, na jasho linamtoka, na usoni ana kitu ambacho Kifungo hakuwahi kukiona. Lakini mtoto alifunga daftari tu. Ahadi ilikuwa bado.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumapili, asubuhi, kwenye kiwanja cha majani. Wiki moja imebaki shule zifungwe. Mtunza uwanja alikuwa amechora mistari kwa unga wa chaki, kile kigari chake cha kuchorea kimesimama pembeni. Watu wa mikate walikuja wamevaa nyeupe, mikono imejaa kwa kukanda. Kifungo alikaa na baba yake nje ya mstari. Alikuwa ameshasema kwamba ndani ya uwanja hakanyagi, atatazama tu.

Mama Pasi akafungua kapu, akagawa fulana na suruali za kijani. Zilikuwa zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa mkunjo mmoja. Tetemeko akavaa zake. Akajipapasa kwapani. Akajipapasa begani. Akapapasa goti.

"Mama Pasi. Namba zangu ziko wapi?"

Mama Pasi akamtazama. Katika chumba chake cha pasi kuna sheria moja kubwa kuliko zote: nguo haitoki na pini. Iliwekwa tangu bwana harusi mmoja alipochomwa mgongoni mbele ya watu, akadhani amerogwa. Miaka ishirini mkono wa Mama Pasi umekuwa ukitoa pini kabla hata macho hayajaziona. Usiku wa kuamkia Jumapili zilikuja fulana nane na suruali nane, na mkono ukafanya kazi yake.

"Nimezitoa," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mpwa wangu anasema hajawahi kuisikia hivyo. "Nimezitoa, mwanangu. Ziko kwenye kopo dukani."

Na dukani kumefungwa, na mwamuzi ameshapuliza filimbi ya kuitana.

"Si kitu," Tetemeko akasema, huku mikono imeshaanza kumchanganyikia. "Nazijua."

Alizijua, lakini watu wanatazama, na mtu wa mikate mmoja anapiga kelele, "Dobi, leo tunawaanika." Akapitisha kamba kwapa la kushoto. Ikapanda isikotakiwa. Ncha ikamzunguka kiwiko. Filimbi ikalia. Duka zima la dobi likasafiri kwenye majani kama kamba ya nguo iliyokatika, na wote saba wakalundikana juu ya Mama Pasi.

Raundi moja imepotea. Zimebaki mbili.

Tetemeko alibaki amekaa chini. Anasema alikuwa hafikirii watu wa mikate hata kidogo. Alikuwa anafikiria darasa tupu, na mtoto mmoja ndani, na kitabu.

Alipoinua macho akaona kitu cha kijani kinakatiza uwanja mbio, kinayumba, kinajikwaa, kinanyanyuka. Ni Kifungo, na gauni lake la kijani limefungwa kombo kama kawaida. Amevuka mstari. Amepita kwenye kigari cha mtunza uwanja, amechovya mkono mzima kwenye chaki, anakuja nao juu juu kama amebeba yai.

"Mama, simama. Inua mkono. Huo si wenyewe. Mwingine."

Akamwandikia kwa kidole. Moja kwapani. Mbili begani, kubwa. Tatu ubavuni, imegeuka imetazama nyuma. Nne gotini. Chaki nyeupe juu ya kijani kilichopigwa pasi saa tatu nzima. Mama Pasi akafumba macho, akasema, "Sijaona. Endelea, mjukuu wangu."

"Nitakuitia," Kifungo akasema.

"Utaitia wapi? Nje hutasikika."

Mtoto akatazama mstari. Akatazama kundi la watu. Akarudi hatua mbili tu nyuma ya mama yake, akasimama hapo hapo, ndani ya uwanja. "Nitaitia hapa."

Mwamuzi akatazama pembeni, kama mtu anayetafuta nzi.

"Moja," Kifungo akasema. Kamba ikapita kulia. "Mbili." Ikashuka begani. "Tatu." Ncha ikarudi nyuma. "Nne, mama. Nne iko gotini." Goti likakunjika, mwili ukalala, kisigino kikazama kwenye majani.

Filimbi ikalia, na watu wa mikate wakavuta. Wakavuta tena. Kamba ikasimama kama imefungwa kwenye nyumba. Tetemeko ameshika vile anavyoshika kila kitu maishani mwake, kupita kiasi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwambia apunguze. Anasema alisikia kamba inamnguruma kifuani. Alisikia watu saba mbele yake wanapumua kama mtu mmoja. Akaanza kucheka. Mpwa wangu akamsikia nyuma anacheka na yeye akacheka, na kicheko kikapanda kamba mpaka kikamfikia Mama Pasi mbele kabisa. Watu wa mikate waliona timu inayocheka huku haisogei, wakaingiwa na wasiwasi. Mmoja wao akateleza. Basi.

"Vuta," Mama Pasi akaita, na dobi wakavuta, na nanga akarudi nyuma hatua moja, mbili, anamfuata Kifungo ambaye naye anarudi nyuma anapiga makofi yenye vumbi la chaki.

Sasa kila upande una raundi moja.

Raundi ya tatu ilikuwa ndefu. Wanaosema dakika nne wapo, na wanaosema kumi wapo. Dobi wakasogea kiganja kimoja, mikate wakakirudisha. Mwisho mikono inayokanda unga kila alfajiri ilikuwa na kitu cha akiba. Duka la dobi likashindwa kwa upana wa mkeka.

Walilala majani, wanane wote, wanaangalia mawingu. Mtu wa mikate yule wa kelele akaja na kapu la mikate ya bure, akamwambia Tetemeko, "Dada, wewe umejengwa na zege. Mwaka jana tuliwamaliza kabla chai haijapoa."

Tetemeko akajiinua kwa kiwiko. Viganja vimewaka moto. Uso ni majani matupu. "Mwaka ujao ni mbali," akasema. "Hatuwezi kuvutana hata Jumapili ijayo? Tunarudi lini?"

Hakujua amesema nini mpaka alipohisi mtu anamtazama. Kifungo alikuwa amekaa kando yake, mkate mdomoni, uso umekunjwa kama bibi.

"Mama, umeshindwa."

"Ndiyo, nimeshindwa."

"Na umeuliza."

Tetemeko akainuka, akakaa. Kisha akamvuta mtoto kifuani, akasahau kupunguza nguvu, mkate ukapondeka katikati yao.

Kifungo alipopata pumzi, akasimama, akajikung'uta. Ahadi ni ahadi, na yule mtoto si wa kudai peke yake, hulipa pia. Akaenda kwa mtunza uwanja. Yule mzee alikuwa anasukuma kigari chake kutengeneza mistari iliyofutwa na watu waliolala juu yake.

"Shikamoo, babu. Hicho kinasukumwa vipi?"

"Marahaba. Kwa tumbo na miguu, mjukuu. Mikono ni ya kushikia tu."

"Kinadakwa?"

"Hakidakwi."

"Kuna timu?"

"Timu yangu ni mimi na kigari."

Akampa. Kifungo akasukuma kutoka kona moja mpaka nyingine, taratibu, ulimi nje, chaki inamwagika nyuma yake. Mstari ulikwenda kama nyoka aliyesahau kitu akarudi kukichukua. Mzee akauangalia mstari ule kwa muda mrefu.

"Umepinda," akasema.

"Nijaribu tena?"

"Mstari haukimbii. Jaribu tena."

Alizunguka uwanja mara sita. Mstari wa sita uliyumba mara mbili tu. Mzee akamwambia kwamba hata kiwanja cha shule ni yeye anakichora, kila Jumatatu asubuhi kabla ya michezo, na mgongo wake siku hizi unalalamika. Kifungo akamjibu kwamba Jumatatu ana nafasi, hana kinachomuuma.

Walifika nyumbani mchana, jua limekaza. Walikula walichokikuta. Baba alijinyoosha mkekani, saa ya mteja iko mkononi bado, akasema anapumzisha macho kidogo, na macho yakamchukua mzima mzima. Kifungo alijilaza kifuani pa baba yake bila kunawa, mikono myeupe mpaka viwiko. Alikuwa anaeleza jinsi ya kukata kona na kigari, akafika kwenye kona ya pili, hakuimaliza.

Tetemeko alibaki amekaa, fulana yake ya kijani bado mwilini. Chaki ilikuwa imefifia, lakini ile nne ya gotini ilionekana vizuri. Kulikuwa na vyombo vya kuosha. Akavitazama, akaviambia vingoje, leo viko salama. Akajilaza pembeni ya watu wake wawili, mkubwa na mdogo, akaweka viganja vyake vya moto juu ya sakafu ya baridi. Moja, akahesabu, na bega la kulia likalegea. Mbili, na la kushoto. Tatu. Goti likajikunja lenyewe, na kabla hajafika nne alikuwa amelala.